Namba Saba Inafoka

Transista ya zamani haishikwi kwa vidole. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa kaka yangu, akiwa amelala chali kwenye godoro letu la wageni, shuka hadi kidevuni, dirisha wazi, macho kwenye bati.

"Ishike kwa kibano," alisema. "Mguu mmoja tu. Ukiigusa mwilini inachukua joto lako, na ikishachukua joto lako inaanza kudanganya."

"Kumbe ni kama wanaume."

"Mimi mgonjwa, mama Kifungo. Usinichekeshe, nitakohoa."

Kaka ni fundi redio, na kabla ya kuugua alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya kwenye sherehe. Kilichomleta kwetu ni kifua kikuu sugu. Alipotoka hospitali daktari alituhakikishia kwamba haambukizi tena, ila apewe chumba chake na madirisha yasifungwe. Nikaondoa mabaki ya vitambaa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma, nikapiga deki, nikatandika godoro. Mume wangu, ambaye kazi ya ujenzi humweka mbali wiki kwa wiki, alisema kwenye simu, "Shemeji ni wetu, akae mpaka apone." Nikampenda upya kwa sentensi hiyo moja.

Dawa zilikuwa vidonge kiganja kizima kila asubuhi, na sindano moja kila siku isipokuwa Jumapili, kwa miezi sita. Sindano alichomwa kwenye zahanati ya mtaa wa pili. Siku ya kwanza sista aliyemchoma, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alituketisha sote wawili.

"Sindano hii inatibu, lakini ina ukorofi wake," alisema. "Inaweza kula masikio. Ukianza kusikia mlio kichwani, au ukaona watu wote wamekuwa wa kunong'ona, njoo useme siku hiyo hiyo. Tutaibadilisha. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki tunakiokoa. Mashine ya kupimia masikio hapa hatuna, iko hospitali kubwa, na huko tunampeleka anayesema. Asiyesema hatumjui."

Kaka akaitikia, "Sawa, sista." Nami nikasema, "Nitamwangalia." Hakuna aliyenilazimisha kulisema neno hilo.

Alikuja na begi la nguo, gitaa, spika ndogo aliyoiunda ndani ya kasha la redio, na boksi la bati lisilo na mfuniko, waya zimejazana ndani kama utumbo. Boksi lile lilikuwa pedali ya fazi, ile anayoikanyaga mpiga gitaa ili sauti ichanike na kukoroma. Za dukani hakuzitaka. Alitaka ya mkono wake, tena kwa transista za zamani, zile zilizo kama kofia ndogo za bati zenye miguu mitatu. Zile mpya, alisema, zinapiga kelele kama mtu anayegombana, hizi za zamani zinapiga kelele kama mtu anayelia.

Pedali ilihitaji transista mbili. Ya kwanza alikuwa ameshaipata na kuichomelea kabla hajaugua. Ya pili, ambayo ndiyo hubeba sauti yote, alikuwa bado anaitafuta kwenye kopo lenye transista arobaini na sita alizozing'oa kutoka redio zilizokufa. Akili yake ilikuwa nzima, lakini mikono ilitetemeka hata kikombe kilimshinda. Kwa hiyo mikono ikawa yangu.

Tulipima alfajiri, kabla jua halijalipiga bati na chumba kuwa tanuri. Kifungo, binti yangu wa miezi minane, ambaye jina hilo alilipata kwa pua yake na kwa kazi yangu ya kushona vifungo kwa fundi cherehani, alikaa kwenye mkeka akila kijiko cha mbao. Mimi nilipiga magoti mbele ya mita ya kupimia umeme. Kwanza unaiunganisha transista bila kuilisha chochote, unasoma. Hapo haitakiwi kupitisha kitu. Kinachopita ni kuvuja. Kisha unailisha umeme kidogo mno, unasoma tena. Unaondoa kile cha kwanza kwenye hiki cha pili, na kinachobaki ndiyo nguvu yake ya kweli. Asiyejua hutazama namba ya pili peke yake, na inayovuja kupita zote ndiyo itakayomvutia, maana namba yake ni kubwa.

Kaka alizisema kama watu. Inayovuja sana aliiita mlevi.

"Mlevi naye anaonekana ana nguvu," alisema, "mpaka umpe kazi."

Siku moja nilipitia kwa fundi mwenzake nikamletea nyingine tano. Nilizifunga kwenye leso, na leso nikaiweka kifuani, kwa sababu mikononi nilikuwa na Kifungo na mfuko wa unga. Nikazipima pale pale nilipofika. Zote tano zikawa walevi wa kutupwa.

Kaka akaniangalia. "Umezibeba wapi?"

Nikamwonyesha.

"Yaani umezinyonyesha." Alicheka hadi nikalazimika kumshika mgongo. "Ziweke chini mpaka kesho, mama wa watu. Zimsahau mama yao kwanza."

Kesho yake mbili kati yake zilikuwa nzima kabisa. Nilifurahi kana kwamba nimezizaa kweli. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nikisoma masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, nikitafuta cheti nilichokikosa utotoni, na fizikia ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho. Kule darasani mwalimu alichora mishale ubaoni na mimi nikaikariri. Huku nyumbani mishale ile ilikuwa na miguu na mwili wa bati, na kaka alinieleza bila kuniona mjinga.

Kutoka hamsini na moja tulibakiwa na kumi na moja. Kila moja nikaitia kwenye kiberiti chake na namba juu. Ndipo ikaanza kazi ya kusikiliza, kwa sababu mita, alisema kaka, inajua nani mzima, haijui nani anaimba. Kwenye boksi aliniwekesha vitundu vitatu vya kuchomekea miguu, ili tubadilishe bila kuchomelea. Mimi nilichomeka, yeye alipiga kipande kile kile, kifupi, kinachopanda kisha kikashuka. Alipomaliza alilaza kiganja juu ya nyuzi akasikiliza kimya kinachobaki. Kimya hicho ndicho alichokipima kwa ukali zaidi. Mimi niliandika hukumu zake nyuma ya daftari langu la fizikia.

Namba mbili: haina roho. Namba nne: ndiyo hii tunayoitafuta, au karibu yake.

Ilipofika namba saba alikunja uso kabla hata sijaondoa mkono. "Hiyo inafoka."

Kufoka, kwa lugha ya chumba kile, ilikuwa ni ile sauti ya ssss nyuma ya muziki, kama birika linalokaribia kuchemka. Kwenye mita namba saba ilikuwa inavuja kiasi, si mlevi kamili, ndiyo maana tuliipa nafasi. Mimi nilisikia kitu chembamba tu kwa mbali. Yeye alikuwa ameshaudhika.

"Itoe, inaniwasha meno."

Nikaandika: namba saba, inafoka, tupa. Sikuitupa, kwa sababu mtu akishakaa alfajiri nyingi na kitu hawezi kukitupa hivi hivi.

Baada ya hapo vidonge vikampiga. Kwa wiki tano kaka hakugusa gitaa. Alitapika, akalala, akaamka kwenda kwenye sindano akiegemea bega langu, akarudi, akalala tena. Kisha asubuhi moja akaomba uji wa pili. Wiki iliyofuata akawa anajaa mashavu kama mtoto aliyepona surua. Mpiga ngoma wa bendi akaja kumwona akamwambia nafasi yake ipo, wanamsubiri amalize dawa. Zilibaki wiki saba za sindano. Kaka alizihesabu kwa mkaa ukutani, na kila akitoka zahanati alifuta mstari mmoja.

"Tumalizie boksi," alisema. "Siku nikirudi jukwaani nirudi nalo."

Nikazichomeka upya, moja baada ya nyingine. Namba nne, ile aliyokaribia kuichagua, alipoipiga alikatiza katikati.

"Umeifunika blanketi?"

"Nimeifunikia nini? Ndiyo namba nne."

"Imeziba. Lete nyingine."

Namba tisa imeziba. Namba tatu imeziba. Nikafika namba saba, iliyokuwa kali kuliko zote. Kaka akapiga, akapandisha kile kipande hadi juu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aingie kwetu.

"Huyo hapo," alisema. "Alikuwa amejificha wapi?"

Mimi, sasa nikijua cha kusikiliza, nilikuwa nasikia ssss imejaa chumba kizima.

"Kaka, hii uliikataa. Nimeandika hapa, tupa."

"Basi uliandika vibaya. Au ulichanganya viberiti. Si ulikuwa unaandika huku unamfuta mtoto makamasi?"

Nilimwamini. Sasa hivi naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: masikio yangu yalisikia kitu kimoja, daftari likasema hicho hicho, na mimi nikamwamini kaka, kwa kuwa yeye ndiye fundi na mimi ni mtu wa vifungo. Nikaipima namba saba tena. Inavuja. Nikasema mita imechoka, nikaiwekea betri mpya. Inavuja vile vile. Nikaisugua miguu kwa kitambaa, nikaiacha hadi alfajiri yenye ubaridi, nikaipima bila hata kupumua karibu yake. Inavuja.

Jumanne, baada ya kipindi, nilibaki nyuma nikamuuliza mwalimu wa fizikia. Nilimweleza yote, Kifungo akiwa amelala mgongoni. Nikauliza kama transista inaweza kubadilika tabia kwa wiki tano.

"Umeitumia? Imeunguzwa?"

"Hapana, mwalimu. Ilikuwa kwenye kiberiti, chumbani."

"Basi haijabadilika," alisema, huku anafuta ubao. "Kitu kilicholala hakibadiliki hivyo. Tafuta kingine kilichobadilika."

Nilijua pale pale, mbele ya ubao uliofutwa nusu. Njiani kurudi nikapanga kutojua.

Maana dalili nilikuwa nazo. Kaka alikuwa ameanza kunitazama midomo. Simu yangu ikilia ile kengele yake nyembamba ya ujumbe, mimi nilitoka jikoni mbio na yeye aliyekaa nayo ubavuni hakutikisika. Kifungo alipolia ule mlio wake wa juu wa kukataa usingizi, kaka aliendelea kulala, yeye ambaye zamani aliamka kwa kikohozi cha jirani. Na "nini?" zilikuwa zimezidi. Nilimuuliza mara moja, kama utani, "Masikio yamekwenda kutembea?" Akanijibu haraka mno, "Wewe ndiye unayeongea kwa tumbo."

Nilikaa nalo siku tisa. Nikiulizwa nilikuwa nafikiri nini, jibu ninalo na halinitetei. Kaka alikuwa anakula. Alikuwa anampigia Kifungo nyimbo za kuchezea vidole. Mistari ya mkaa ilikuwa inapungua. Nilikuwa nimechoka kuwa na mgonjwa, na kwa mara ya kwanza nyumba yangu ilikuwa na mtu anayepona. Nikajiambia labda ni nta. Nikajiambia wiki sita ni fupi, wiki tano na nusu ni fupi zaidi. Kila asubuhi nilimsindikiza mpaka mlango wa zahanati, sista akauliza, "Vipi masikio?" kaka akasema, "Mazima," nami nikatazama viatu vyangu. Siku tisa, sindano nane, maana katikati kulikuwa na Jumapili.

Siku ya kumi aliamka mchangamfu. "Leo chomelea namba saba tufunge boksi."

Nilipasha moto chuma cha kuchomelea, nikakata kipande cha risasi ya kuchomelea, nikakaa nacho mkononi. Mkono haukwenda. Kuchomelea ni kuapa, au ndivyo nilivyohisi asubuhi ile. Nikakizima chuma. Nikaichomeka namba saba kwenye vitundu, nikalaza kitambaa juu ya nyuzi za gitaa zisitoe sauti, nikaliwasha boksi. Ssss ikajaa chumba. Kifungo aligeuza kichwa kutazama spika.

"Unasikia nini?" nilimuuliza kaka.

"Kimya. Si nimekwambia huyu ni msafi?"

Nikalizima. "Na sasa?"

"Kimya kile kile. Kwani vipi?"

"Mara ya kwanza ilikuwa imewashwa, kaka. Inafoka mpaka mtoto anaitafuta."

Alinitazama midomo, kisha macho. Alishuka godoroni kwa magoti, akaja akaweka sikio karibu kabisa na spika, shavu likigusa kitambaa chake.

"Washa."

Nikawasha.

"Umeshawasha?"

"Ndiyo."

"Zima." Nikazima. "Washa tena. Sasa imewaka?"

"Imewaka, kaka."

Aliponyanyuka alikaa chini akiegemea ukuta, kwenye mistari yake ya mkaa, na mgongo wa fulana yake ukaifuta miwili mitatu bila yeye kujua.

"Kuna mlio humu," alisema akigusa kichwa. "Mwembamba. Hauzimiki."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa natapika. Nilidhani ni vidonge." Akatikisa kichwa. "Hapana. Sikudhani. Nilijua."

"Na kila siku unamwambia sista mazima."

"Wakibadilisha dawa wanaanza kuhesabu upya. Miezi sita mingine. Nani atanisubiri miezi sita mingine? Nikasema nijikaze, zimebaki wiki chache, nitabaki na ninachobaki nacho."

"Nani kakwambia wanaanza upya?"

"Jamaa mmoja pale kwenye benchi."

"Jamaa wa kwenye benchi ndiye daktari wako siku hizi?"

"Usinifokee."

"Sikufokei. Naongea kwa sauti ili unisikie."

Likanitoka hivyo, na nilitamani nilirudishe. Kaka akakunja magoti yake kifuani. Kisha, polepole, kama mtu anayetafuta ubovu kwenye redio, akaniuliza, "Na wewe umejua leo?"

Nilimwinua Kifungo ili nipate pa kutazama.

"Mama Kifungo."

"Siku tisa," nikasema.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema kaka. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika.

Sista alikuwa ameshaandaa sindano kwenye sinia alipotuona tumeingia pamoja, mimi nimebeba mtoto na kitu usoni.

"Vipi masikio?"

"Kuna mlio, sista," alisema kaka. "Tangu juzi. Juzi tu." Alisema huku ananitazama mimi, ananifichia.

"Yeye zaidi ya mwezi," nikasema. "Mimi siku tisa."

Sista hakutugombeza. Aliichukua ile sindano, akaitupa kwenye ndoo ya taka kali, akaketi kuandika. Kalamu yake ndiyo pekee iliyosikika, na nikawaza kama kaka anaisikia.

"Hospitali kubwa wataitoa hii na kukupa vidonge vingine badala yake," alisema.

"Na hesabu?" aliuliza kaka. "Inaanza upya?"

"Hesabu gani?"

"Ya miezi."

"Nani alikwambia? Hesabu inaendelea ilipofika. Dawa ndiyo inayobadilika, baba, si kalenda."

Kaka alicheka kidogo puani. Alisema "Aha," kama mtu aliyeelezwa njia aliyokwisha ipita.

Kule hospitali kubwa mpima masikio alimfungia kaka kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, akamvalisha visikizio, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia kitu. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma ya mpima, na niliona karatasi aliyokuwa akiitia nukta. Nukta zilianza juu, zikatembea usawa mmoja kama mshono mzuri, moja, mbili, tatu, nne. Kisha zikaanguka. Kupitia kioo cha kijichumba nilimwona kaka, kitufe mkononi, uso umetulia, anasubiri sauti ambayo mpima alikuwa ameshaipeleka.

"Sauti nene anazo zote," mpima alinieleza baadaye. "Ataongea na watu, atasikia gari. Kuanzia hapa kwenda juu zimekwenda. Hazitarudi, ila dawa ikibadilishwa tunatumaini hazitaendelea kwenda. Wengine hufika hapa hawasikii mlango ukigongwa."

"Tungekuja siku tisa kabla?"

Alitazama karatasi, akanitazama mimi na mtoto wangu. "Dada, hilo halipimiki."

Najua alitaka kunihurumia. Lakini mimi ni mtu niliyefundishwa kupima, na lisilopimika hukaa na mtu muda mrefu zaidi.

Dawa ikabadilishwa. Kaka akaendelea kupona kifua, ndivyo picha zilivyoonyesha. Gitaa aliliegemeza ukutani uso ukitazama ukuta, na hakuligusa wiki moja, wiki mbili. Hakuwa mkali. Alimbeba Kifungo, alichambua mchele, aliniuliza nimejifunza nini darasani. Nilipojaribu kuomba radhi alisema, "Tumeshaligawana hilo, kila mtu achukue fungu lake alale." Mlio wa kichwani, alisema, unafanana na redio isiyokaa kwenye kituo.

Alfajiri moja nilimkuta ameketi, gitaa mapajani, viberiti kumi na moja vimepangwa mbele yake.

"Mimi nitapiga," alisema. "Wewe utabadilisha, na wewe utasema."

"Mimi nashona vifungo, kaka. Najua nini kuhusu sauti?"

"Ulisikia namba saba inafoka."

"Na nikanyamaza."

"Safari hii usinyamaze."

Tukaanza. Nilichomeka, akapiga, nikafumba macho. Mwanzoni zote zilikuwa kelele tu. Mara ya tatu ya kuzizungusha nikaanza kuzitofautisha, kama unavyoanza kuwatofautisha mapacha wa jirani: hii ina mchanga, hii ina maziwa, hii inakata ghafla mwishoni kabla haijamaliza kusema. Namba saba niliitupa nje ya dirisha. Jua lilipoanza kulikaribia bati nilikuwa nimebakiwa na moja mkononi. Nikaichomeka tena. Kile kipande kilipopanda juu haikukwaruza tu, ilitetemeka, na ilipokwisha ikazima polepole, pasipo ssss yoyote nyuma yake.

"Hii," nikasema.

Kaka akachukua kiberiti, akasoma. "Namba mbili."

Akalivuta daftari langu la fizikia akafungua nyuma. Nilijua kilichoandikwa humo, kwa mwandiko wangu, kwa kinywa chake: haina roho. Na chini yake, namba nne: ndiyo hii tunayoitafuta.

"Tuweke nne," nikasema. "Ulichagua ukiwa na masikio yako."

Alikaa na daftari lile. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikapanda tena.

"Aliyechagua hii nne angeisikia," alisema mwishoni. "Mimi siisikii. Nne imeziba, mbili imeziba, kwangu ni zile zile. Basi kuwe na mtu mmoja anayeisikia. Chomelea mbili."

Transista za zamani huuawa na moto haraka. Mmoja huchomelea, na mwingine hubana mguu wake kwa koleo, ili joto liishie kwenye chuma lisifike mwilini. Kaka alishika koleo. Mkono ulikuwa bado unatetemeka, akauegemeza kwenye goti langu. Nilihesabu moja, mbili, tatu kwa kila mguu, nikaondoa chuma, tukasubiri risasi ipoe.

Alikaa vizuri, akaunganisha waya, akapiga. Hakutazama nyuzi. Alinitazama mimi, usoni, alivyozoea kunitazama midomo, lakini safari hii sikuwa nasema kitu. Alipanda na kile kipande hadi kule ambako mkwaruzo unakuwa mwembamba kama uzi, kule ambako nukta zake zilianguka, na macho yake yakakaza kwangu zaidi, yanasoma. Nikaelewa anachokitafuta. Sikujua niuweke vipi uso wangu. Nilikuwa tayari kutabasamu ili apate kitu, kisha nikaacha. Nikauacha uso ufanye ulivyotaka, machozi na yote.

Kaka akaona. Akarudi mwanzo wa kipande akakipiga tena, taratibu zaidi pale juu.